Nimeumia bega, nishuke hadi paundi ngapi kwenye upinde wa kuwindia?

#1 Mvuta Kulia (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, mabibi na mabwana. Nimekaa na hili jambo miezi kadhaa nikaona nililete hapa maana mtaani ukisema upinde watu wanadhani unaongelea mchezo wa watoto.

Iko hivi. Mi nakaa Kigamboni, nina upinde wa asili wa kufungua, yaani kishikio cha mbao katikati halafu mabawa mawili ya juu na chini unayafunga kwa skrubu, hauna magurudumu wala vioo vya kulengea. Mabawa yangu ni ya paundi 55, yaani mzigo unaouvuta ukiuvuta upinde mpaka mwisho ni kama kilo 25 hivi. Nimelenga nao miaka sita uwani kwangu, nimejaza matambara kwenye salfeti za mchele nikazipanga ukutani ndo shabaha yangu hiyo. Mwaka jana mwezi wa nne, masika, bodaboda iliteleza Mbagala nikaangukia bega la kulia, ndo mkono ninaovutia. Kano moja ya juu ya bega ilichanika. Nikafanyiwa oparesheni mwezi wa sita, mkono ukakaa kwenye kombeo wiki sita, baada ya hapo mazoezi ya kuinua mkono kidogo kidogo kama mtoto anajifunza. Saiv ni mwezi wa tisa tangu oparesheni.

Kabla hamjaniuliza kuhusu kibali: hapa kwetu siwindi. Wanyamapori wako chini ya sheria ya mwaka 2009, huna kibali usiguse, na usithubutu kuingia hifadhini na silaha hata kama unasema unatembeza tu. Mwenzangu tuliyesoma naye yuko Windhoek, Namibia, kule kuwinda kwa upinde kwenye mashamba ya wanyama kunaruhusiwa kwa utaratibu wao na yeye anajua mwenye shamba. Tulipanga twende mwaka jana nikaumia. Ndoto yangu tangu zamani ni tandala mkubwa, yule mwenye pembe za kusokotwa.

Sasa kuna ndugu anarudi kutoka Ulaya mwezi ujao, anaweza kunibebea mabawa mengine yanayoingia kwenye kishikio changu hiki hiki. Nichague 35, 40 au 45? Au nivumilie nirudi kwenye 55 zangu? Nisiwafiche, mwezi wa tano baada ya oparesheni nilijaribu kuvuta 55. Kuna jamaa wa mazoezi ya vyuma aliniambia msuli ukiogopwa haurudi, nikamsikiliza. Nilifika nusu nikasikia kitu kinawaka ndani kabisa ya bega, nikashindwa kulalia upande ule wiki tatu. Nilidhani nimeirudisha kazi ya daktari sifuri. Naomba wenye uzoefu, sio wa kubahatisha maana mkono ndo huu huu nalishia watoto.

#2 Kijana wa Tabata

Pole sana mkuu. Mi nalenga 45 na naona poa tu, chukua 45 hapo katikati, 35 ni ya kujifunzia hiyo hata ngozi ya mnyama haipiti.

#3 Dada wa Mazoezi Tiba

Pole kaka. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, upinde sijawahi kushika ila mabega nayashika kila siku, kwa hiyo nitaongelea bega tu.

Bega ni mpira mkubwa uliokalia kikombe kidogo. Kinachouzuia mpira usihame ni misuli minne midogo inayouzunguka na kano zake. Misuli mikubwa ya kifua na mgongo ndo inavuta, ile midogo minne kazi yake ni kuuweka mpira katikati wakati mikubwa inavuta. Ukichanika kano moja ukashonwa, ile mikubwa inarudisha nguvu haraka kuliko midogo. Ndo maana mtu anakuja anasema dada mi nguvu ninazo, na kweli anazo, anabeba ndoo mbili za maji, ila akinyanyua kiwiko usawa wa bega na kukirudisha nyuma mpira unapanda juu unaibana ile kano iliyoshonwa. Kwa ulivyoeleza, kuvuta upinde ni huko huko, kiwiko juu na nyuma, tena na mzigo unaongezeka kadiri unavyorudi.

Maumivu ya msuli uliochoka yanakuwa juu juu na siku mbili tatu yameisha. Maumivu ya usiku, yanayokuamsha ukilalia upande ule, yako ndani na huwezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja, hayo ni ya kusimama na kurudi kwa aliyekufanyia. Ulipata hayo mwezi wa tano na ukaendelea kukaa nyumbani, kaka hilo sijalipenda.

Miezi tisa ni pazuri lakini sio mwisho, wengi wanachukua mwaka mzima mkono kurudi. Usianze kwa kuuliza 35 au 45. Anza na mpira, kata tyubu ya baiskeli, funga kwenye nondo ya dirisha, vuta kwa umbo lile lile la upinde, shikilia, rudisha polepole. Kurudisha polepole ndo kunajenga kano.

#4 Mzee wa Podo

Mvuta Kulia pole mwanangu. Mimi ni Msandawe, kwetu ni Chemba huko Dodoma, nipo Dar tangu 1984. Nimekuta neno lako "55 zangu" nikaona nikae chini niandike.

Sisi wakati tunakua hakuna aliyejua paundi. Upinde ulichongwa kwa mwenyewe. Mzee anakukalisha, unavuta mti ambao bado mnene, anaangalia mkono unatetemekea wapi, anachukua kisu anaparua tumbo la upinde, yaani upande unaokutazama wewe, unavuta tena, anaparua tena. Mpaka uvute hadi shavuni ukiwa unaongea naye bila sauti kubadilika. Hapo ndo anasema huu wako. Mtu akiugua akapona upinde wake uliparuliwa upya au alichongewa mwingine, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu alijua mshale unaopigwa na mkono unaotetemeka unajeruhi mnyama halafu familia inalala njaa na fisi ndo wanakula.

Kwa hiyo hizo 55 hazikuwa zako. Zilikuwa za yule mwenye bega zima. Wewe ni mtu mwingine sasa kwa muda, na upinde wa mtu mwingine huna ruhusa nao.

Halafu vijana msilinganishe na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, nawaona mnapenda kusema wale wanavuta kilo thelathini. Ni kweli pinde zao ni nzito, lakini wanavuta tangu utoto na kwa wanyama wakubwa wanapaka sumu kwenye chembe, ile ncha kali ya mshale. Mojawapo inatoka kwenye ule mti wa shina nene na maua ya pinki unaouzwa kwenye vitalu vya maua hapa mjini watu wanapanda getini. Inashika moyo. Kazi ya kuua inafanywa na sumu, mshale unaipeleka tu ndani. Wewe kule Namibia hutapaka sumu, kazi yote ni ya makali ya chembe na mahali ulipopiga. Ni hesabu nyingine kabisa.

#5 Mvuta Kulia

Shikamoo mzee. Nimeisoma mara mbili hiyo ya kuvuta huku unaongea. Nilienda uwani na upinde wa mwanangu, huo ni wa paundi 20, nikajaribu kumhesabia mke wangu bei za vitu vya sokoni huku nimevuta. Sikufika mwisho sauti ikakatika. Paundi ishirini wakuu. Nimekaa kwenye kiti nikanyamaza muda mrefu.

Dada asante, kesho natafuta tyubu. Na nitarudi kwa daktari, nakuahidi.

#6 Fundi Manyoya

Mkuu ngoja niingie upande wa vifaa maana hapa kuna vitu vinachanganya wengi.

Kwanza hiyo namba iliyoandikwa kwenye bawa imepimwa upinde ukivutwa inchi 28. Wewe unavuta inchi ngapi? Wengi wetu Wabongo wa urefu wa kawaida tunavuta 26 hadi 27. Kila inchi unayopungukiwa unapoteza paundi mbili mpaka tatu kwenye pinde za kundi lako. Kwa hiyo 55 yako inaweza kuwa 52 mkononi. Pima mwenyewe, nenda Kariakoo chukua mzani wa kuning'iniza wa betri, ule wanaopimia samaki na vyuma chakavu, funga ndoano kwenye uzi wa upinde katikati, vuta mpaka alama uliyobandika kwa utepe kwenye mshale. Hiyo ndo namba yako, ya kwenye bawa ni ya kiwandani.

Pili, huu wa kwetu haupunguzi mzigo ukifika mwisho. Kompaundi ya magurudumu ukivuta 50 inakuachia ushikilie kama 10 tu, inategemea. Wa asili ukivuta 50 unashikilia 50, na wakati wa kulenga ndo mzigo uko juu kabisa. Ndo maana Kijana wa Tabata samahani mdogo wangu, "45 naona poa tu" haitoshi kumshauri mtu mwenye bega la kushonwa. Poa kwa mshale wa kwanza au wa arobaini? Umesimama au umechuchumaa nyuma ya kichaka saa mbili nzima, mwili umepoa?

Jinsi ya kumjua mtu aliyezidiwa na upinde: anaunyanyua juu kuelekea mawinguni ndo avute huku anaushusha. Ukiona hivyo ujue mgongo haufanyi kazi, anatumia bega. Upinde wako unatakiwa uuelekeze kwa mnyama moja kwa moja na uvute hapo hapo bila kuzungusha, maana ukizungusha mnyama kashakuona.

Tatu mishale. Ukishuka paundi mishale yako ya 55 itakuwa migumu mno kwa upinde mpya, haitapinda vya kutosha kuzunguka kishikio, kwa anayevuta kulia itakuwa inaenda kushoto. Usije ukadhani ni bega linakusaliti, utaanza kurekebisha mwili kwa kosa la mshale. Nunua mishale laini zaidi au weka chembe nzito zaidi mbele, uzito wa mbele unaulainisha.

#7 Kijana wa Tabata

Nimekuelewa kaka Fundi. Nimepima yangu kwa mzani wa duka la jirani, kumbe navuta 41 sio 45. Mkuu Mvuta Kulia nisamehe niliongea bila kupima.

#8 Mama Salum

Jamani si avutie kushoto tu? Mkono wa kushoto mzima.

#9 Fundi Manyoya

Mama inawezekana na wapo waliofanya hivyo. Ila mambo mawili. Atahitaji kishikio kilichochongwa upande wa pili na ajue jicho lake linaloongoza ni lipi, jicho la kulia likiwa ndo kiongozi halafu anavutia kushoto itabidi aanze upya kabisa. La pili, mkono unaoshika upinde nao unabeba mzigo ule ule, tofauti ni kwamba unasukumwa kwenda ndani ya kikombe cha bega badala ya kuvutwa. Dada wa Mazoezi Tiba atuambie kama hiyo ni afadhali.

#10 Dada wa Mazoezi Tiba

Kwa wengi ni afadhali kama bega limeshuka chini na mkono umenyooka mfupa juu ya mfupa. Bega likipanda kuelekea sikioni ni tatizo lile lile. Sijamshika huyu kaka kwa hiyo sitasema zaidi.

#11 Mvuta Kulia

Jicho langu ni la kulia, nimepima kwa kunyooshea kidole nguzo ya umeme nikafumba moja moja. Nimeamua kubaki kulia.

Sasa wakuu, kuna jambo limenipata. Nimeongea na mwenzangu wa Windhoek nikamwambia labda nitakuja na 40, akaniuliza mshale wako una nguvu kiasi gani. Nikamwambia nimekwambia 40. Akasema hapana, kanuni za Namibia haziulizi paundi za upinde, zinauliza nguvu ya mshale ukitoka. Wanyama wadogo kama kanga, sungura, dondoro, mshale uwe na futi-paundi 25, hizo ni kama joule 34. Wa kati kama ngiri na swala, 40 ambazo ni joule 54. Wakubwa, tandala yumo, choroa yumo, ni 65, joule 88.

Nikaganda. Naombeni anisaidie mtu namna ya kupima.

#12 Mwalimu wa Fizikia

Hii ni fizikia ya sekondari mkuu: nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi. Kasi utaipata kwa simu. Simu nyingi zina video ya polepole ya fremu 240 kwa sekunde. Pima mita 10 kamili kutoka mshale unapotokea hadi salfeti, simu ikae pembeni mbali kidogo ione ncha zote mbili, mtu mwingine ashike, kila mtu awe nyuma ya mlengaji. Rekodi kisha hesabu fremu. Fremu 48 ni sekunde 0.2, kwa hiyo mita 50 kwa sekunde. Mshale pima kwa mzani wa sonara au wa viungo vya keki. Kumbuka ukikosea fremu moja kasi inakosea kama asilimia mbili na nishati asilimia nne, kwa hiyo piga mishale mitano uchukue wastani.

#13 Mvuta Kulia

Nimerudi. Nilikuwa na video ya zamani ya kabla ya ajali, mdogo wangu alinirekodi polepole pale pale uwani na umbali ni mita 10 maana nilishachora mstari. Fremu 45. Mshale wangu wa zamani gramu 32. Nimepiga hesabu mara tatu na mke wangu kapiga kwa simu yake: joule 45 na nusu.

Wakuu mnaelewa hii maana yake nini? Miezi tisa nalilia 55. Nilikuwa nikiamka usiku bega linauma nawaza nimepoteza tandala wangu. Kumbe hata nikiwa mzima, na zile 55 zenyewe, nilikuwa sifiki hata kwa ngiri, 54, seuze tandala 88. Nilivuta ule upinde mwezi wa tano nikakaribia kujivunja kwa ajili ya kitu ambacho hata ningekipata kisingenifikisha. Hakuna aliyenidanganya, mwenyewe sikuwahi kupima.

#14 Mzee wa Podo

Mwanangu usijihukumu. Hiyo ni kanuni ya nchi moja. Wanyama hawakuandika wao.

#15 Fundi Manyoya

Mzee yuko sahihi kwa sehemu. Alaska kule Marekani kwa mfano wanaangalia paundi za upinde, 40 kwa wanyama kama caribou na 50 kwa wale wakubwa kama moose, hao wote ni jamii ya kulungu wenye pembe za matawi wa nchi za baridi, na watu wanawinda na pinde za asili kwa kanuni hizo. Nishati peke yake haielezi kila kitu, mshale mzito wa asili unapenya vizuri kuliko namba yake ya joule inavyoonyesha, chembe ya makali mawili iliyonolewa mpaka inyoe nywele za mkono inapita kirahisi kuliko ya makali matatu kwa upinde mwepesi. Ila mkuu ukiwa nchi ya watu ni kanuni ya watu. Na mimi binafsi naona Namibia wako upande wa mnyama.

Nikuongezee kimoja: upinde ule ule ukiupa mshale mzito unatoa nishati zaidi kidogo, maana mshale mwepesi unaondoka na sehemu ya nguvu inabaki kutikisa mabawa na mkono wako. Ule mtikisiko nao unagonga bega. Kwa hiyo kwako mshale mzito una faida mbili, hasara yake unashuka haraka njiani kwa hiyo lazima usogee karibu.

#16 Mvuta Kulia

Basi nimemwagiza ndugu yangu mabawa mawili, 30 na 40. Ya 45 nimeacha. Nitawaletea apdeti.

#17 Mvuta Kulia — apdeti

Wakuu miezi mitano imepita, naona kuna walioniuliza inboksi, naleta yote hapa.

Daktari alipiga picha, kano imeshika, haikuharibika ile siku ya ujinga wangu, Mungu ni mwema. Akaniruhusu upinde kwa masharti. Wiki sita za kwanza ilikuwa tyubu tu, asubuhi kabla ya kupanda pantoni na jioni nikirudi. Halafu 30, ambayo kwa mvuto wangu wa inchi 27 mzani ulisoma 28. Mishale kumi na miwili kwa siku, siku moja nalenga siku moja napumzika. Nilikuwa natamani sana kuongeza, kwa kweli hiyo ndo kazi ngumu kuliko yote, kuacha wakati mwili unasema bado una nguvu. Dada wa Mazoezi Tiba alinipa kipimo nikakishika: vuta, shikilia sekunde kumi, rudisha polepole bila kuachia, mara tano. Ukitetemeka ya tano hujapanda ngazi. Na usiku ndo hakimu, bega likiniamsha narudi nyuma wiki nzima. Liliniamsha mara mbili, nikarudi mara mbili.

Nikapanda 40, mkononi kwangu ni 38. Hapa ndo nipo kwa miezi miwili sasa. Kipimo changu nimekifanya kigumu zaidi: asubuhi baridi sijanyoosha hata kidole, natoka ndani, nakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, navuta kutoka pale pale nimekaa, mshale mmoja tu. Sio wa pili. Mshale wa kwanza wa mkono uliopoa ndo ule utakaompiga mnyama, ile mingine yote ishirini na nne ya jioni ni mazoezi. Kwa mita 15 huo mshale mmoja unaingia kwenye sahani ya chai siku tisa katika kumi. Kwa mita 20 ni siku sita. Kwa hiyo umbali wangu ni 15, sitaongeza.

Sasa nishati. Mshale wa gramu 27, fremu 49, joule 32 na kitu. Haufiki 34. Nikamsikiliza Fundi nikaweka chembe nzito, mshale ukawa gramu 35, fremu 54, joule 34 na nusu. Umepita! Nilipiga kelele uwani majirani wakachungulia. Halafu jioni nikakumbuka maneno ya mwalimu, fremu moja ni asilimia nne. Nikaangalia zile video tano tena, mbili ni fremu 54, mbili 55, moja naona iko katikati. Kwa 55 ni joule 33.

Kwa hiyo sijapita. Nimesogea mlangoni tu.

Nimempigia mwenzangu wa Windhoek nikamwambia mwaka huu nakuja bila upinde. Nitakaa naye kwenye kibanda cha kujificha pale kwenye maji, yeye ana kompaundi yake na leseni yake, mi nitaangalia tandala wakija kunywa. Nataka nikae nione mita 15 ni karibu kiasi gani mnyama akiwa anapumua. Mwakani daktari akiniruhusu 45 ndo nitapima tena, na ikiruhusu itakuwa kanga na sungura. Tandala nimemwachia Mungu. Nilidhani kuandika hivyo kutaniuma zaidi ya hivi.

#18 Dada wa Mazoezi Tiba

Kaka umenifurahisha sana. Usiache tyubu hata ukifika 45.

#19 Mzee wa Podo

Sasa jaribu tena ile ya kuongea.

#20 Mvuta Kulia

Shikamoo mzee. Nimejaribu leo asubuhi na 38. Nilimhesabia mke wangu mchele, sukari, mafuta, nyanya, vitunguu, mkaa, nauli ya pantoni kwenda na kurudi. Akasema sauti ni ile ile.

#21 Mchuuzi wa Ilala

Mkuu heshima kwako. Mi nimeanza mwezi uliopita na upinde wa 30 wa rafiki yangu, nina mwili wa mazoezi, nanyanyua vyuma. Hizo 55 kama huzitumii niuzie, naja Kigamboni hata kesho na pesa taslimu.

#22 Mvuta Kulia

Karibu sana ndugu yangu, pesa yako iweke kwanza. Njoo na huo mwili wako asubuhi kabla hujanyoosha, nitakupa 40 yangu ukae kwenye ndoo. Ukishikilia sekunde kumi mara tano, ukarudisha polepole bila kuachia na ukarudi kesho yake kuniambia umelala vizuri, tutaongea. Kabla ya hapo hayo mabawa ya 55 yanabaki darini.